Uzi: Ukipewa uwanja ujenge bustani ya katuni za zamani, unaanza na nini? Nasema mandhari kwanza, wahusika baadaye

#1 Kivuli_Karatasi (mleta uzi)

Wakuu habari.

Tuchukulie uwanja upo na umeme upo. Kazi ni kujenga bustani ya burudani ya filamu za katuni zilizochorwa kwa mkono, kuanzia zile za kimya za miaka ya 1920 mpaka kompyuta ilipochukua nafasi ya kalamu. Mtu mzima akiingia akumbushwe alichokuwa akitazama utotoni, na mtoto aliyekuja naye asichoke.

Wengi wakiwaza jambo hili huanza na wahusika: sanamu, mavazi, picha za kupigwa na mgeni. Mimi naona mandhari ndiyo inayobeba kumbukumbu. Chukueni Peter Pan's Flight ya Disneyland, California, safari ya hadithi ya mvulana anayeruka. Ilikuwepo tangu siku bustani inafunguliwa, 17 Julai 1955. Ni safari ya gizani ya karibu dakika 3 tu, gari linaning'inia kwenye reli ya juu. Hadi leo foleni yake ni ndefu, ilhali pembeni kuna mashine zenye nguvu mara kumi. Na sehemu inayotajwa na kila mtu ni ile ya kupita juu ya London usiku: mapaa, mto, taa ndogondogo. Wahusika pale ni wachache.

Wajuzi wa mambo haya, nipeni sababu yenu. Kwa nini safari ile haichoshi? Na ukijenga ya kwako unaanzia wapi?

#2 Hesabu_Foleni

Foleni ndefu haithibitishi mapenzi, mkuu. Inathibitisha uwezo mdogo wa kubeba.

Gari la namna ile linachukua watu wazima 2 na mtoto 1. Ukiachia gari moja kila sekunde 15, kwa saa ni magari 240. Yakijaa yote ni watu 720. Lakini hayajai, maana familia ya watu 4 inagawanyika wawili wawili. Wastani ukiwa 2.2 kwa gari unabaki na kama 530 kwa saa. Sasa chukua viti vinavyotembea bila kusimama, cha watu 2 kinapita kila sekunde 3: watu 2,400. Mashua ya watu 20 kila sekunde 30: vilevile 2,400.

Watu 600 wakisimama mbele ya gari la kuning'inia, wa mwisho anasubiri zaidi ya saa nzima. Mbele ya mashua anasubiri robo saa. Burudani inaweza kuwa sawa kabisa, foleni zikawa mbalimbali.

#3 Kivuli_Karatasi

Hesabu naipokea, ila haielezi kwa nini watu wanakubali kusimama saa nzima. Mashine yenye uwezo mdogo na isiyopendwa haina foleni, inakuwa tupu.

#4 Mtaa_wa_Sinema

Naunga mkono hoja. Tuanze na ngome katikati kama ile ya Sleeping Beauty pale Disneyland, waliinakili kutoka kwenye filamu yenyewe. Na kwa kuwa Disneyland ndiyo bustani ya kwanza ya hadithi za watoto, na Snow White ya 1937 ndiyo katuni ndefu ya kwanza, ramani ipo tayari. Tufuate miaka.

#5 Bi_Wino

Mtaa, hapo kuna mambo matatu ya kunyoosha kabla watu hawajayabeba.

Ngome ile ilifunguliwa 1955, filamu ya Sleeping Beauty ikatoka 1959. Ngome ndiyo iliyotangulia. Urefu wake ni kama mita 23 tu. Inaonekana ndefu kwa sababu mawe yake yanachongwa madogo kadiri unavyopanda, jicho likadhani ni umbali.

Bustani ya hadithi: Efteling ya Uholanzi ilifungua msitu wake wa hadithi 1952, umechorwa na Anton Pieck. Miaka 3 kabla ya Disneyland.

Katuni ndefu: Quirino Cristiani wa Argentina alitoa El Apóstol 1917, ingawa nakala zake zimepotea. Ya zamani zaidi iliyobaki ni ya Lotte Reiniger, Mjerumani, The Adventures of Prince Achmed ya 1926, yote kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Ukifuata miaka, chumba cha kwanza cha bustani ni cha vivuli, na hakihitaji sanamu hata moja.

#6 Mtaa_wa_Sinema

Asante Bi Wino. Chumba cha vivuli nakitaka sana. Taa moja, karatasi, kitambaa cheupe.

#7 Taa_Zambarau

Niongee kuhusu giza, maana ndiyo kazi yenyewe. Peter Pan's Flight na wenzake wa 1955 wanategemea rangi zinazong'aa chini ya mionzi ya urujuanimno (UV). Mtu akiiga bila kujua anakosea kwenye mambo haya:

Msingi. Rangi inayong'aa inapitisha mwanga. Ukiipaka juu ya ubao mweusi au wa kahawia inakufa. Paka nyeupe kwanza, mikono 2, iache ikauke kabisa, ndipo uje na rangi inayong'aa. Nyeusi ya kuzunguka mchoro inakuja mwisho.

Varnishi. Fundi mwema anataka kuilinda kazi, anapaka varnishi ya nje. Nyingi zimetengenezwa kuzuia urujuanimno, kwa hiyo mionzi haifiki kwenye rangi na ukuta mzima unazima. Soma kopo kwanza.

Taa. Zenye urefu wa wimbi wa nanomita 395 ni rahisi kupata lakini zinatoa zambarau inayoonekana kwa macho, chumba kinageuka zambarau chote. Za 365 zenye kichujio zinaacha giza likabaki giza.

Na sasa abiria. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali ya kung'arisha, hivyo shati jeupe linawaka buluu kali. Abiria mmoja mwenye fulana nyeupe anaharibu usiku mzima kwa magari mawili nyuma yake. Taa zikae mbele ya gari, juu, zimegeuzia mgongo abiria, na kila moja iwe na bati la kukata mwanga ili mpaka wake uishie kama sentimita 30 kabla ya gari. Mgongo wa gari nao uwe mrefu kuliko kichwa cha mtu aliyekaa.

Vumbi pia. Nyuzi za pamba zinazodondoka kwenye nguo za wageni zina kemikali ileile. Zikitua kwenye mahameli nyeusi unaona nyota mahali ambapo hukuweka nyota. Fagia kwa mashine ya kunyonya, si kwa kitambaa cha pamba.

#8 Hesabu_Foleni

Hapo kwenye fulana nyeupe nimejifunza kitu. Nakazia.

#9 Fundi_Beringi

Wote mnaongelea vitu vilivyosimama. Katuni ni mchoro unaotembea. Sasa gari linapita mbele ya ubao ambao hautembei, kumbukumbu itatoka wapi?

Napendekeza katikati ya bustani pawe na sahani kubwa ya kuzunguka yenye vinyago 18, kila kimoja hatua moja mbele ya mwenzake, na taa inayopiga mwanga mara 18 kwa kila mzunguko. Sahani ikizunguka mara 1 kwa sekunde, jicho linaona vinyago vinatembea palepale vilipo. Jumba la makumbusho la studio ya katuni ya Ghibli kule Mitaka, Japani, lina kitu cha namna hii tangu lilipofunguliwa 2001. Watu wazima wanasimama wameduwaa.

#10 Sauti_ya_Pili

Fundi, wazo zuri, ila mwanga unaopiga mara 18 kwa sekunde umeuweka katikati ya eneo la hatari. Kwa watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, hatari ipo kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Katuni yenyewe ina somo lake: 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha Pokémon kule Japani kilirusha mwanga mwekundu na wa buluu kwa kupokezana kama mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali.

Ukiiweka, iwe kwenye chumba cha pembeni chenye mlango na tangazo kabla ya mlango. Isiwe katikati ya uwanja ambapo mtu anaiona bila kuchagua.

#11 Kioo_Kikuu

Ipo njia isiyohitaji mwanga kupigapiga, na ina umri kuliko sinema. Émile Reynaud wa Ufaransa aliitengeneza 1877, praksinoskopu. Badala ya matundu au taa unaweka vioo katikati. Picha zinapangwa kwenye ukingo wa pipa, zinatazama ndani. Vioo vinakaa nusu ya njia kati ya picha na mhimili, ili taswira ionekane imetulia kwenye mhimili. Picha inayofuata inachukua nafasi ya iliyotangulia polepole kupitia kioo kinachofuata, bila giza katikati.

Kwa bustani tengeneza pipa la kipenyo cha mita 3, picha 12, vioo 12. Mzingo ni mita 9.4, kila picha inapata upana wa sentimita 78. Mduara wa vioo una kipenyo cha mita 1.5, kila kioo upana wa sentimita 40. Kizungushe mara 1 kwa sekunde unapata michoro 12 kwa sekunde, kiwango kilekile cha filamu nyingi za kuchora: fremu 24, kila mchoro unapigwa picha mara 2.

Vioo viwe vya kupakwa fedha usoni, si nyuma ya glasi. Vya nyuma vinatoa taswira mbili, moja hafifu juu ya nyingine, na mistari ya wino inakuwa na kivuli.

#12 Fundi_Beringi

Kioo, vipimo vyako ni vizuri mpaka unapofika kwenye mwendo. Ukingo wa pipa la mita 3 kwa mzunguko 1 kwa sekunde unakwenda mita 9.4 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 34 kwa saa, mkono wa mtoto uko jirani. Na pale kwenye vioo mvuto wa kutupa nje ni mara 3 ya uzito wake. Kioo cha kilo 2 kinavuta skrubu zake kwa nguvu ya kilo 6 kila wakati, siku nzima. Gundi peke yake haitoshi.

Dawa: weka picha 24 badala ya 12, na zungusha mara moja kwa sekunde 2. Michoro kwa sekunde inabaki 12. Mwendo wa ukingo unashuka nusu, mvuto unashuka hadi robo ya ule wa mwanzo. Picha zinabaki na upana wa sentimita 39, bado zinaonekana vizuri umbali wa mita 4. Na unapata faida ya pili: mwendo wa kawaida wa kutembea kwenye katuni ni hatua 2 kwa sekunde, kwa hiyo picha 24 ni hatua 4, unaweza kumfanya mhusika ajikwae hatua ya tatu.

Kinga iwe ya polikaboneti, si glasi. Na breki ikate umeme mlango wa kinga ukifunguliwa.

#13 Bi_Wino

Hatua ya tatu ajikwae, ya nne ajishike kofia. Fundi umekuwa mchoraji leo.

#14 Sheria_na_Katuni

Kabla hamjajikwaa na kofia: mhusika ni wa nani?

Marekani, kazi iliyochapishwa na kampuni enzi zile inalindwa miaka 95. Steamboat Willie ya 1928, ile ya panya Mickey, ikawa mali ya umma 1 Januari 2024. Snow White ya 1937 itafuata 1 Januari 2033. Mpaka hapo unachoweza kutumia ni hadithi, si mchoro. Perrault (1697), ndugu Grimm (1812), Alice (1865), Pinocchio ya Collodi (1883) ziko huru. Angalieni mipaka lakini: kwa Grimm vibwengo saba wa Snow White hawana majina. Majina mnayoyajua yaliwekwa na filamu. Kiatu cha kioo cha Cinderella ni cha Perrault, mna haki nacho. Gauni la Snow White lenye kola nyeupe iliyosimama ni la filamu, hamna.

Gulliver's Travels ya ndugu Fleischer, 1939, hakimiliki yake haikuhuishwa Marekani, kwa hiyo ni huru kule. Jitu limelala ufukweni limefungwa kamba, wageni wanapanda ngazi mgongoni. Hapo mnajenga kesho. Ila katuni za Superman za Fleischer zilizoanza 1941 ni mtego: filamu ni huru, jina na nembo ni alama za biashara zinazoendelea.

Ya Reiniger ya 1926 nayo iko huru, chumba cha vivuli kimeshapita.

#15 Bi_Wino

Kimepita Marekani. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya hesabu ni maisha ya mtunzi na miaka 70 juu yake. Reiniger alifariki 1981, kwa hiyo kule inalindwa mpaka mwisho wa 2051. Kwanza uchague nchi, ndipo uchague filamu.

#16 Sheria_na_Katuni

Sahihi. Na Uingereza Peter Pan ana lake peke yake: sheria ya 1988 inaipa hospitali ya Great Ormond Street haki ya kulipwa mrabaha kwa maonyesho ya tamthilia ile bila ukomo wa miaka. Italia kwa upande mwingine wana Parco di Pinocchio pale Collodi tangu 1956, imejengwa juu ya kitabu, haikumwomba mwenye filamu ruhusa.

#17 Kivuli_Karatasi

Mnanisaidia bila kujua. Kama wahusika wamefungwa na sheria na hadithi ziko wazi, basi mandhari ndiyo iliyobaki mikononi mwetu. Msitu wa usiku hauna mwenyewe.

Na mandhari inaweza kutembea, Fundi. Kamera ya tabaka ambayo Disney walianza kuitumia kwenye The Old Mill, 1937, ilipanga michoro kwenye vioo kadhaa, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mwendo wake. Cha mbele haraka, cha nyuma polepole. Safari ya gizani ni kamera ileile, ila badala ya vioo kusogea, anasogea mtazamaji. Kata mbao kwa tabaka: majani umbali wa mita 1, vigogo mita 3, vilima mita 8. Gari likipita, msitu unajifungua wenyewe.

#18 MzeeReli

Mleta uzi yuko sahihi kwa kanuni, umbali ndio una shida. Gari la mita 0.8 kwa sekunde, majani ya mita 1 yanapita machoni kwa digrii 46 kwa sekunde. Jicho halishiki, mgeni anaona ukungu na anasikia kichefuchefu. Vigogo vya mita 3 vinapita digrii 15, vizuri. Vilima vya mita 8 karibu digrii 6, vizuri sana. Majani yasogeze mpaka mita 2, yatakwenda digrii 23. Chini ya mita 2 usiweke kitu chenye mchoro wa ndani, weka nyeusi tupu kama vivuli.

Faida nyingine: sheria ya usalama ni kwamba mkono ulionyooshwa usiguse kitu. Mita 2 inakupa hiyo bure.

Tatizo ambalo hujalitaja ni mwezi. Ukiuchora kwenye ukuta wa mita 8 utarudi nyuma pamoja na vilima. Mwezi haurudi nyuma. Mtoto wa miaka 5 atajua kuna uongo hata kama hawezi kuusema.

#19 Kioo_Kikuu

Mwezi ni rahisi. Chukua lenzi bapa ya Fresnel yenye upana wa mita 1, umbali wake wa kukusanya mwanga milimita 600. Weka nyuma yake, milimita 600 kamili, duara linalong'aa la sentimita 5. Mwanga unatoka sambamba, jicho linauona mwezi uko mbali usiopimika, na unamfuata abiria anavyosogea. Ukubwa wake machoni karibu digrii 5, mkubwa kama miezi ya katuni.

#20 MzeeReli

Na unaonekana kwa muda gani? Mwanga sambamba unatoka ndani ya upana wa lenzi tu. Mita 1 kwa mwendo wa 0.8, ni sekunde 1 na robo, kisha mwezi unazimika kwenye ukingo wa lenzi.

Ondoa lenzi. Pinda reli. Mwezi ukae mwisho wa chumba, mbele ya gari, abiria anauelekea. Kitu kilicho mbele moja kwa moja hakirudi pembeni. Kitakua kidogo tu, na chumba kikiwa na mita 25 na ukigeuza gari ukiwa umetembea mita 8, ukuaji wenyewe hauzidi nusu. Unatosha kusamehewa.

#21 Kioo_Kikuu

Nusu ni nyingi, mzee. Mwezi unaokua ndilo kosa hasa ambalo kamera ya tabaka ilibuniwa kuliondoa.

#22 MzeeReli

Basi chora mdogo, na uwekee wingu la kitambaa chepesi linalopita mbele yake pale gari linapokaribia. Mgeni atatazama wingu.

#23 Bi_Wino

Nirudi kwa mleta uzi, maana kuna ushahidi unaompinga na yeye mwenyewe ameuleta bila kujua.

Safari za 1955 zilijengwa kwa wazo lake hasa: abiria ndiye mhusika mkuu. Peter Pan hakuwemo kwenye Peter Pan's Flight, wewe uliye kwenye gari ndiye uliyekuwa Peter. Snow White naye hakuwemo kwenye safari yake. Wageni hawakuelewa, wakawa wanauliza yuko wapi. Eneo lile lilipojengwa upya 1983, sanamu za wahusika wakuu zikawekwa. Mandhari tupu ilijaribiwa miaka 28 na ikashindwa.

#24 Kivuli_Karatasi

Haikushindwa, foleni ilikuwepo miaka yote hiyo 28. Walichokosa wageni ni maelezo mlangoni. Ungewaambia "wewe ndiye unayeruka" wangeelewa.

#25 Bi_Wino

Kitu kinachohitaji maelezo mlangoni hakijafanya kazi ndani.

Lakini na wahusika nao wana ugumu wao, nisionekane nawatetea bure. Mchoro wa mkono unadanganya. Masikio ya Mickey yanabaki duara mbili hata akigeuza kichwa, jambo lisilowezekana kwenye kinyago. Ukimtengeneza kwa umbo kamili anakuwa mgeni kwa yule aliyemzoea kwenye kioo. Seven Dwarfs Mine Train ya Florida, 2014, walirusha picha ya uso ndani ya kichwa cha kinyago. Macho na midomo inacheza kama mchoro kweli, ila uso unawaka kuliko mikono na chumba kizima lazima kipangiwe mwanga upya kuufuata.

Mimi ningefanya nusu umbo: mchongo uliotokeza sentimita 10 hadi 15 kwenye ubao, unaotazamwa upande mmoja tu. Gari linapita, mgeni haoni kisogo. Mistari ya nje ipakwe kwa brashi, unene ubadilike kama kalamu inavyobonyea. Mstari wa unene mmoja mwanzo mwisho unaonekana wa mashine, na mtu aliyekulia kwenye katuni za mkono anausikia hata asipojua kwa nini.

#26 Mtaa_wa_Sinema

Na rangi gani? Kizazi kinachokumbuka hakikuona filamu ilivyotoka. Wengi waliona kwenye kanda za video, pembeni pamekatwa ili picha itoshe runinga ya zamani, nyekundu imevuja nje ya mistari. Nakala zilizosafishwa sasa ni kali na safi. Ukipaka kwa nakala safi, mtu mzima atasema imebadilishwa. Ukipaka kwa kanda, mchoraji wa mandhari ametukanwa.

#27 Bi_Wino

Fuata mchoraji. Rangi za Mary Blair kwenye filamu za miaka ya 1950 zilipangwa, hazikutokea kwa bahati. Tyrus Wong kwenye Bambi ya 1942 aliacha msitu ukiwa ukungu na vidokezo vichache ili Bambi, mtoto wa paa, aonekane. Kanda iliyochakaa haina haki ya kufuta kazi hiyo.

#28 Taa_Zambarau

Hata ukimfuata mchoraji, rangi inayong'aa haitakaa mahali ulipoiacha. Inapauka kwa mionzi ileile inayoiwasha, na haipauki yote pamoja. Ukipaka vibao vya mfano siku ya kwanza, kata kila kimoja vipande viwili, kimoja ukifungie kwenye sanduku la giza. Kila unapokagua, linganisha. Bila hicho kipande cha sandukuni mafundi watapaka upya kwa kufuata ukuta uliopauka, na kila awamu bustani inazidi kuhama.

#29 Sauti_ya_Pili

Mmeandika kurasa nzima na hakuna aliyetaja muziki. Mfungeni mtu macho, mpigieni sauti nne za mwanzo za wimbo wa filamu ya utotoni, atawaambia filamu na atawaambia alikaa wapi. Mwonyesheni mapaa ya London bila sauti, atasema ni mapaa. Peter Pan's Flight haichoshi kwa sababu wimbo unaanza gari linapoinuka.

Na hapo ndipo majengo mengi yanaharibika. Kuta za vyumba hazifiki dari, sauti ya chumba cha 2 inaingia cha 3. Kila onyesho ni sekunde 10 hadi 15, kila mkanda unajirudia kwa urefu wake, na kwenye mlango unasikia nyimbo mbili zinagombana. it's a small world, safari ya mashua ya maonyesho ya New York, 1964, ilikutana na hili: mpango wa kwanza ulikuwa nyimbo za taifa za nchi nyingi kwa pamoja, ikawa fujo, ndipo ndugu Sherman wakaandika wimbo mmoja kwa vyumba vyote. Fanyeni hivyo. Ufunguo mmoja, mwendo mmoja, saa moja inayoongoza mikanda yote, vyumba vitofautiane kwa ala tu. Na spika ziwe ndani ya gari nyuma ya kichwa, za chumbani ziwe za upepo na maji peke yake.

#30 Hesabu_Foleni

Kwa hiyo sasa tuna sababu nne: foleni ni uwezo mdogo, mandhari, mhusika, wimbo. Na yangu bado ndiyo pekee yenye namba.

#31 Mtaa_wa_Sinema

Ongeza ya tano: kutembea kwa miguu. Ghibli Park ya Aichi, Japani, iliyofunguliwa 1 Novemba 2022, haikujengwa juu ya mashine kubwa. Unaingia nyumbani mwa Satsuki na Mei wa filamu ya My Neighbor Totoro, nyumba iliyojengwa kwa maonyesho ya 2005, unafungua droo, ndani kuna nguo zimekunjwa. Moominworld, bustani ya wahusika wa Moomin pale Naantali, Finland, tangu 1993, nyumba ya buluu kisiwani, mtu anapanda ngazi za ndani. Mkono kushika kitasa kilichokuwa mchoro, hicho gari halikupi.

#32 Hesabu_Foleni

Droo inafunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ghibli wanauza tiketi za kuwekewa nafasi mapema, na wana sababu. Na mapenzi ya wahusika peke yake hayabebi bustani: ile ya Smurfs kule Lorraine, Ufaransa, ilifunguliwa 1989 kwa matumaini makubwa, ikauzwa miaka michache baadaye, na mwishowe ikapoteza hata jina la Smurfs.

#33 MzeeReli

Nyumba za kutembea gizani zinanitisha kuliko magari, na siyo kwa mizimu. 11 Mei 1984, Haunted Castle ya New Jersey, vijana 8 walikufa kwa moto ulioanzia kwenye sponji ya ukutani. Hapakuwa na vinyunyizio vya maji. Kwenye bustani yenu mnaweka mahameli, vitambaa vya mawingu, mbao nyembamba na umeme. Kila kitambaa kiwe cha kuzuia moto na kijaribiwe tena baada ya kufuliwa, maana dawa nyingi zinatoka na maji. Kitufe kimoja kifanye mambo matatu kwa pamoja: kisimamishe magari, kizime muziki, kiwashe taa nyeupe. Muziki ukiendelea watu wanadhani ni sehemu ya onyesho.

Na reli ya juu ina lake: gari likisimama abiria yuko hewani. Njia ya kutembea ya mafundi ipite chini au kando ya reli urefu wote, upana wa kutosha kumshusha mtoto aliyelala.

#34 Fundi_Beringi

Nakazia hiyo ya muziki.

Jamani, mabishano haya yanapimika. Jengeni kipande cha mita 12 ndani ya ghala: mbao nyembamba, pazia jeusi, gari la kusukumwa kwa mkono juu ya reli mbili. Alama sakafuni kila sentimita 80, msukumaji afuate mdundo wa sekunde moja, unapata 0.8. Onyesho moja la msitu, mhusika anatolewa na kurudishwa kwa pini mbili. Wageni wapite, waulizwe kesho yake walikumbuka nini, siyo palepale.

#35 Sauti_ya_Pili

Wimbo uwepo au usiwepo?

#36 Fundi_Beringi

Vyote. Msitu peke yake, msitu na mhusika, msitu na wimbo, na vyote vitatu. Makundi manne, kila mtu apite mara moja tu.

#37 Bi_Wino

Mhusika yupi, maana wa filamu huna ruhusa naye, na wa kubuni hakuna anayemkumbuka.

#38 Sheria_na_Katuni

Panya wa 1928 kwa Marekani. Mweusi na mweupe, bila glavu, maana glavu zilikuja baadaye.

#39 Taa_Zambarau

Mweusi na mweupe chini ya urujuanimno ni kazi nyingine kabisa. Nyeupe itawaka kuliko msitu wote. Mpeni kijivu cha kawaida kisichong'aa na mwangaza wake mdogo wa pembeni, wati chache tu, umefunikwa bati. Na msukumaji asivae fulana nyeupe.